Kabla ya Kizimba, Pima Maji ya Chini

Yeyote anayewaza kufuga samaki kwenye vizimba ziwani, yaani vyumba vya nyavu vinavyoelea, namwomba kabla hajalipia hata nyavu anunue kamba ndefu, chupa nene ya kioo yenye kizibo, na kipimajoto kinachosoma hadi sehemu ya kumi ya nyuzi. Vyote vitatu kwa pamoja ni bei ndogo mno ukilinganisha na chakula cha samaki cha wiki moja. Kikundi chetu kilivipata baada ya kuzika samaki wa karibu vizimba vyote, na deni la chama cha akiba na mikopo mpaka leo halijaisha. Naandika ili mwingine asipite huko tulikopita.

Naishi Walukuba, Jinja, nchini Uganda, kando ya Ziwa Viktoria. Baba aliletwa hapa na kazi ya kiwanda cha nguo, kama wazee wengi wa mtaa wetu, na kwa kuwa kila mlango ulikuwa na kabila lake, Kiswahili ndicho tulichokulia. Mimi ni mweka hazina wa kikundi. Wenzangu wengi ni akina mama waliokuwa wakikaanga na kukausha samaki pale Masese, tena tuna fundi wa kuchomelea vyuma na vijana wawili wanaojua kupiga mbizi. Samaki wa kununua walikuwa wamepungua, na wanajeshi walipoanza kulinda ziwa mwaka 2017 dhidi ya uvuvi haramu, wenye mitumbwi midogo waliokuwa wakituuzia waliacha kazi mmoja baada ya mwingine. Tukasema basi, tufuge wenyewe. Tukachagua sato, yaani ngege.

Aliyetuuzia vizimba ndiye aliyetuchagulia mahali. Alitupeleka kwenye ghuba dogo lililokingwa na kilima, maji yametulia kabisa, karibu na nchi kavu kiasi kwamba mlinzi angeweza kukaa ufukweni na tochi yake. Alishusha jiwe kwa kamba akasema kina ni mita sita, vizimba vina mita mbili na nusu, nafasi inatosha. Sababu zake zote zilikuwa za kweli. Mawimbi hayakuchana nyavu, mafuta ya boti hayakutumika sana, wezi hawakupata nafasi. Alichoacha kutuambia, au labda naye hakukijua, ni kwamba ule utulivu tuliofurahia ndio uliokuwa ukiandaa hasara.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Vifaranga walikula hadi maji yakawa yanachemka juu, na kila tulipopima uzito walikuwa wameongezeka. Nilikuwa naandika kwenye daftari joto la maji kila asubuhi: nyuzi 26, nyuzi 26 na nusu, mara nyingine 27. Hilo ni joto zuri kwa sato. Lakini kipimajoto changu kilikuwa kinazama kiasi cha urefu wa mkono. Nilikuwa napima uso wa ziwa peke yake.

Ikaja Desemba, Januari, Februari. Jua kali, upepo hakuna, siku baada ya siku. Mmoja wa wale vijana alipanda kutoka kukagua nyavu akasema, "Mama, chini kuna baridi ya ajabu, na maji yananuka." Nyavu za chini zilikuwa na utelezi mweusi. Samaki wakawa wanajikusanya juu, na chakula cha asubuhi hawakukikimbilia kama zamani. Mzee mmoja mvuvi, ambaye tangu mwanzo hakupenda vizimba vyetu kwa sababu vilikuwa kwenye njia ya nyavu zake, alipita na mtumbwi akasimama kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, maji haya yamelala. Siku yakiamshwa, yataamka vibaya." Nilimshukuru kwa heshima, lakini wakati huo maneno yale sikuyaelewa.

Dhoruba ya kwanza ya Machi ilipiga usiku. Upepo mkali, kisha mvua ya baridi iliyonyesha hadi karibu alfajiri. Kulipopambazuka mlinzi alipiga simu akiwa analia. Tulipofika, kizimba cha kwanza kilikuwa cheupe kwa matumbo ya samaki. Waliobaki hai walikuwa wametoa midomo nje ya maji, wanahema. Maji yenyewe yalikuwa yamegeuka rangi, yana ukahawia uliofifia na harufu ya yai bovu. Kufikia saa nne asubuhi hata wale waliokuwa wakihema walikuwa wamelala ubavu. Kulikuwa na mwenzetu aliyeweka ada ya shule ya watoto wake kwenye vizimba vile, nikamwona ameshika ukingo wa boti, hasemi neno.

Wachuuzi walikuja wakataka kuwanunua kwa bei ya kutupa, wakawakaushe. Tukakataa, kwa sababu hatukujua wamekufa na nini. Tukachimba shimo. Kwenye daftari la kikundi nililazimika kuandika vifaranga, chakula, mshahara wa mlinzi na riba ya mkopo, kisha upande wa mapato niache nafasi tupu. Chakula peke yake kilikuwa kimekula zaidi ya nusu ya fedha zote tulizotia, na ndivyo ilivyo kwa wafugaji wengi wa vizimba. Ndiyo maana samaki wakifa wakiwa wamekaribia kuvuliwa, hasara huwa kubwa kuliko wakifa wadogo.

Jambo lililoniumiza zaidi lilitokea mchana ule. Watu walisema ni sumu. Na kama ni sumu, nani ana sababu? Yule mzee. Si ndiye aliyesema maji yataamka vibaya? Vijana walikwenda nyumbani kwake, na kama mwenyekiti wa kijiji asingewahi, sijui tungekuwa tunazungumza nini leo. Mzee alikaa kwenye mkeka wake akasema tu, "Nendeni mkapime maji."

Tukamwita mtaalamu wa samaki. Jinja ina bahati hiyo, kwa kuwa utafiti wa samaki wa ziwa hili umekuwa hapa tangu miaka ya 1940. Alikuja na kifaa chenye waya mrefu, akakishusha mita kwa mita huku akisoma namba. Kabla ya hapo aliwatazama samaki waliokufa. Alituonyesha mambo mawili ninayotaka kila mfugaji ayakariri. Kwanza, midomo yao ilikuwa wazi na mashavu yamepanuka, jinsi anavyokufa samaki aliyekosa pumzi. Pili, wakubwa ndio waliokufa kwanza, na wachache waliopona walikuwa wadogo. Oksijeni ikipungua, wakubwa hutangulia. Sumu mara nyingi huanza na wadogo. Tena aliuliza kama nyavu za wavuvi wa karibu zilikuwa na samaki waliokufa usiku ule. Zilikuwa nao. Tulikwenda kwa yule mzee, kikundi kizima, tukamwomba radhi mbele ya mwenyekiti.

Nitaeleza yaliyotokea kwa namna nilivyoelezwa na nilivyokuja kuyaona mwenyewe kwa kamba yangu.

Jua hupasha maji ya juu. Maji ya moto ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na pasipo upepo wa kuyakoroga, matabaka hayo mawili hayachanganyiki. Kule juu kuna hewa na kuna mwani unaotoa oksijeni mchana. Kule chini mwanga haufiki. Majani, mwani uliokufa, kinyesi cha samaki na punje za chakula zilizodondoka huzama na kuoza, na kuoza kunakula oksijeni. Ikiisha, huanza kutengenezwa amonia na ile hewa yenye harufu ya yai bovu. Kwa hiyo vizimba vyetu vyenyewe vilikuwa vinalilisha tabaka la chini kila siku. Siku upepo na mvua baridi vinapokuja, uso wa maji hupoa, ukawa mzito, ukashuka, na yale ya chini yakapanda. Samaki wa porini hukimbia. Wa kwenye kizimba hana pa kukimbilia.

Kilichonishangaza ni udogo wa tofauti yenyewe. Nilidhani matabaka yanahitaji moto na barafu. Siku moja ya utulivu, saa nane mchana, nilipata nyuzi 27.4 juu na 25.3 karibu na tope. Nyuzi mbili tu. Lakini uzito wa maji haupungui kwa kiwango kimoja kila mahali. Maji yana uzito wake mkubwa kabisa yakiwa nyuzi 4, na kadiri yanavyozidi kuwa ya moto ndivyo kila nyuzi moja inavyoyapunguzia uzito zaidi. Tofauti ya nyuzi mbili katika joto la huku kwetu ina nguvu ya kutenganisha maji zaidi ya mara 10 kuliko nyuzi zilezile mbili katika ziwa la nchi ya baridi lenye nyuzi 4 au 6. Ndiyo sababu kipimajoto kinachoruka nyuzi nzima hakitakusaidia. Chukua kinachoonyesha sehemu za kumi.

Ziwa lote la Viktoria linaishi kwa mwendo huu, si ghuba letu tu. Mwaka 1960 na 1961 mtaalamu mmoja Mwingereza, J. F. Talling, alilifuatilia kutoka Jinja mwaka mzima, na picha aliyoipata bado inatufaa sisi wenye vizimba. Katika maji yenye kina kirefu, ambako ziwa hufika kama mita 80, matabaka hujijenga kuanzia karibu Septemba na kuimarika miezi ya mwanzo wa mwaka. Kisha Juni na Julai upepo wa kusi huja na ubaridi wake, uso hupoa, ziwa likachanganyika toka juu hadi chini. Kwa wafugaji maana yake ni kwamba hatari ina majira. Miezi ya joto na utulivu ndiyo inayokusanya maji mabaya, na dhoruba za kwanza ndizo zinazoyapandisha.

Wengi tunakumbuka mwanzo wa 2021, sangara waliokufa walipojaa ufukweni sehemu nyingi za Uganda na Kenya. Hata wakati ule uvumi wa sumu ulienea, na serikali ikaeleza kuwa ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuchanganya matabaka ya maji. Sangara, yaani mputa, anahitaji oksijeni zaidi ya sato, ndiyo maana yeye alikufa kwa wingi. Ukiwaona mputa wakubwa wanaelea karibu na vizimba vyako, usingoje mpaka jioni. Acha kulisha papo hapo.

Sasa nieleze tunavyopima. Chukua chupa nene, ifunge jiwe zito ili izame. Weka kipimajoto ndani yake kwa uzi. Izibe kwa kizibo kilichofungwa kamba ya pili nyembamba. Kamba kubwa ipige fundo kila mita moja. Shusha chupa mpaka fundo unalotaka, vuta kamba nyembamba kizibo kitoke, utaona mapovu yakipanda. Yakiisha, subiri dakika chache ili kipimajoto kitulie, pandisha haraka, usome kabla jua halijayagusa maji. Kisha nusa. Pua itakuambia mambo ambayo kipimajoto hakijui. Anza mita moja, nenda moja moja hadi karibu na tope.

Pima mara mbili: saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri. Hapa ndipo penye siri yote. Ghuba lenye kina kifupi likiwa na matabaka mchana tu si tatizo, kwa sababu usiku uso hupoa na maji yakajichanganya yenyewe. Shemeji yangu aliye kando ya Ziwa George aliniambia kwao ndivyo ilivyo kila siku. Lile ziwa lina kina cha wastani cha kama mita mbili na nusu tu, mchana juu kunawaka, alfajiri maji yote ni mamoja. (Hata huko, upepo mkali ukitibua tope la chini, samaki hufa.) La kuogopa ni pale alfajiri inapofika na bado chini ni baridi kuliko juu kwa nyuzi moja au zaidi, leo, kesho na keshokutwa. Hapo maji hayajageuka kwa siku kadhaa, na oksijeni ya chini inazidi kuisha. Sisi tukiona hivyo tunapunguza chakula nusu, na samaki waliofikia uzito wa kuuzwa tunawatoa hata kama bei ya wiki hiyo si nzuri. Kikundi kiligombana sana juu ya hilo la bei. Mimi nashikilia kwamba samaki wa bei ndogo ni bora kuliko shimo.

Baadaye, fedha zikipatikana, nunueni kipimo cha oksijeni. Si cha bei rahisi, na kinataka kutunzwa na kurekebishwa mara kwa mara, la sivyo kitawadanganya. Vikundi viwili au vitatu mnaweza kuchangia kimoja. Kwa sato, oksijeni ya miligramu 5 kwa lita au zaidi ni raha. Ikishuka chini ya 3 hawali vizuri na hawakui. Ikikaribia 1, hesabu saa. Na kumbuka kuwa alfajiri ndiyo namba ya chini kabisa, kwa sababu usiku mwani nao huvuta oksijeni badala ya kuitoa. Kipimo cha mchana kinaweza kukupa namba nzuri ukalala usingizi usiopaswa kulala.

Usiku wa dhoruba wenyewe, mambo ya kufanya ni machache. Msiende kuvuta vizimba gizani kwenye mawimbi. Samaki hawalingani na roho ya mtu, na ziwa hili limekula vijana wetu wengi. Kukishatulia na kukiwa na mwanga, vaeni jaketi za kuokolea maisha, msilishe kabisa siku hiyo, maana samaki aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi kusaga chakula. Mkiwa na pampu, ivute maji ya juu na kuyarusha hewani ili yaanguke kama mvua juu ya kizimba. Msiyavute kutoka chini. Nimeona kikundi kimoja kikiteremsha bomba hadi tope kwa nia njema na kuzidisha balaa.

Sisi tumehama. Mahali petu pa sasa kina ni mita 12, mkondo unapita, na chini ya kizimba kuna maji mengi kabla ya kufika tope. Tulilazimika kuomba kibali upya, kubadilisha nanga ziwe nzito, na mafuta ya boti yameongezeka sana. Nyavu huchanika kwa mawimbi, na fundi wetu hapumziki. Mlinzi analala kwenye jukwaa linaloelea, kwa hiyo mshahara wake umepanda. Ninayaandika haya kwa sababu muuzaji atakuambia kina kirefu ni gharama, na ni kweli ni gharama. Tumepunguza pia idadi ya samaki kwa kila kizimba, na kila baada ya mavuno tunavisogeza vizimba ili tope la chini lipumzike.

Kwa ndugu zetu wa magharibi mwa Uganda wanaouliza kuhusu maziwa ya kreta, yaani yaliyo kwenye mashimo ya volkano za zamani, tahadhari yenu iwe mara mbili. Yale maziwa ni marefu kwenda chini, yamezungukwa na kingo zinazozuia upepo, na mengi yana oksijeni katika mita za juu tu. Ziwa Nkugute, ambalo Profesa L. C. Beadle wa Makerere alilichunguza miaka ya 1960, ni mfano wa maji yanayokaa na matabaka muda mrefu huku chini hakuna oksijeni. Uzuri wa maji yale ya kijani usiwapumbaze. Pimeni mwaka mzima kwanza.

Na muuzaji akija kuwachagulia mahali, mwombeni awashushie kamba mbele yenu alfajiri, si mchana, tena katika miezi ya Januari au Februari. Akisema hana muda, mkapime wenyewe, hela ibaki mfukoni mpaka namba zitoke. Kwa upande wetu, tumewaomba wenye vizimba wa ghuba za jirani tupime siku moja na kubadilishana namba, kwa kuwa upepo husukuma maji kutoka pembe moja ya ziwa hadi nyingine, na kilicho chini kwao leo kinaweza kuwa juu kwetu kesho. Wawili wamekubali. Wengine tunawapigia simu tu, kila tofauti ya alfajiri inapozidi nyuzi moja.